Kahawa ya Upande wa Kushoto

Wahenga walisema mwenye kelele hana neno. Wahenga hao hawakufika Mususa, mtaa wetu, wala hawakumsikia Mama Kavira akiita watu waje kuanua kahawa mvua inapoteremka mlimani. Sauti yake ilivuka barabara, ikapita gereji ya pikipiki, ikaingia mpaka darasani kwetu, na mwalimu alisimama na chaki mkononi akingoja imalizike. Ninamwandika mama huyu kwa sababu mwaka huu wengi wameandika juu ya kombe letu la basketi, na kila mmoja ameandika juu ya Rébecca, nahodha wetu, na urefu wake. Urefu wa Rébecca naujua. Tunalala chumba kimoja, na miguu yake inatoka nje ya kitanda. Lakini kombe lile halikuletwa na urefu, na anayesema hivyo mbele yangu nitamjibu vibaya.

Mimi naitwa Bénite. Katika timu ya wasichana kumi na wawili nilikuwa wa kumi na mbili, yaani wa benchi. Mtu wa benchi anaona mengi kwa sababu hana kazi nyingine.

Mama Kavira alikuwa mlinzi wa sakafu ya kuanikia kahawa, nyuma ya taasisi yetu ya kilimo hapa Butembo. Sakafu ni ya Papa Éphraïm, mfanyabiashara wa kahawa na shemasi wa kanisa lake, mtu wa koti la kijivu na maneno machache. Mama Kavira alifika kwake akitoka Mabalako, mwaka ambao watu wengi wa kule walihama, akiwa na watoto wanne na sufuria moja. Alipewa reki ya mbao na ufunguo wa depo, yaani ghala la kahawa. Miaka kumi na tisa aliamka, akaanika, akageuza, akaanua, akafunga mlango, akavaa ufunguo shingoni kwa kamba. Alisema kahawa ni kama mgonjwa, humwachi peke yake hata kwenda kununua chumvi.

Sakafu yenyewe ni ndefu, lakini nusu yake tu ndiyo ilifanya kazi. Ukisimama ukiutazama ukuta wa depo, upande wa kushoto ulipata jua tangu asubuhi. Upande wa kuume ulikuwa na mstari wa mikaratusi aliyoipanda baba yake Papa Éphraïm, mirefu, minene, na kivuli chake kililala pale kutwa. Kahawa ukiianika kivulini inaota ukungu. Kwa hiyo miaka yote ile kahawa ilikaa kushoto, na kuume kulikaa bure.

Papa Éphraïm alikuwa na amri moja: hakuna mguu juu ya sakafu yake isipokuwa wa mtu anayegeuza kahawa. Mlinzi wa kabla ya Mama Kavira aliwaruhusu vijana kucheza mpira wa miguu pale, kahawa ikakanyagwa, wanunuzi wakaikataa. Mlinzi yule alifukuzwa siku ileile, chakula chake hakijaisha kwenye sahani. Mtaa mzima ulijua habari hiyo, na aliyeijua kuliko wote ni Mama Kavira.

Sasa sisi. Taasisi yetu ilikuwa na ng'ombe wawili, hadubini moja, na haikuwa na uwanja. Tulifanya mazoezi ya basketi barabarani, na kila pikipiki ilipopita tulisimama kando na mpira kwapani. Kocha wetu alikuwa Gérard, mwalimu msaidizi wa mambo ya udongo, aliyepewa ukocha kwa sababu aliumwa siku ya mkutano na hakuweza kukataa. Mwaka wa kwanza tulikwenda Beni kwenye michuano ya vyuo, tukapigwa mechi zote tatu. Moja tulishindwa kwa pointi arobaini na moja. Yule mtu wa kipaza sauti alituhurumia akaacha kutangaza matokeo.

Wiki moja baada ya aibu ile tulikuwa barabarani kama kawaida, mvua ikaja ghafla, na ile sauti ikatupiga mgongoni.

"Nyinyi bote! Munaangalia nini? Anua! Anua!"

Hatukuuliza. Tulitupa mpira, tukaruka ukuta mfupi, tukakusanya kahawa kwa mikono, kwa beseni, kwa shitingi za plastiki, hata Gérard aliyekuwa na viatu vya darasani. Tone la kwanza zito lilipoanguka, kilo ya mwisho ilikuwa ndani. Mama Kavira alifunga mlango wa depo, akatutazama mmoja mmoja tukitweta.

"Ule mupira munachezaka wapi?"

"Mu barabara, Mama," Rébecca alijibu.

"Mu barabara? Siku moja pikipiki itawaponda, na kelele mimi njo nitaisikia." Akashika ufunguo wake. "Mukuye kesho. Lakini munisikilize muzuri. Kushoto ni ya kahawa. Kuume ni yenu. Mupira ikigusa kahawa, ule aliitupa atachambua mpaka jua inaingia. Na nikiita anua, munaacha yote, munaanua. Siku ya ine, Alhamisi, nisione mutu hapa. Siku ya ine Papa Éphraïm anakuyaka."

Nimefikiria mara nyingi kwa nini alifanya vile. Kazi ile ndiyo iliyosomesha wanawe, na alikuwa anaiweka rehani kwa ajili ya wasichana asiowajua majina. Nilimuuliza mara moja. Alisema alikuwa amechoka kuanua peke yake. Huo ulikuwa uongo, lakini sikumbishia, maana alikuwa ameshika reki.

Gérard alitengenezesha chuma cha duara kwa mchomeleaji, akakiwekea kulabu, tukakitundika kwenye ukuta wa depo. Jioni ya kuamkia Alhamisi tulikitoa tukakificha chini ya magunia. Tulicheza katika ukanda wa hatua chache, mikaratusi upande mmoja, kahawa upande mwingine. Mahali pa kudundisha mpira hapakuwapo. Ulitoka mkono kwa mkono, upesi na kwa kifua, na aliyepokea alitakiwa kujua tayari atampa nani. Kila kosa lilikuwa na adhabu yake. Aliyetupa mpira kwenye kahawa alikaa kwenye kigoda, akachambua, akitoa punje nyeusi na zilizovunjika, mpaka jioni. Mimi nilichambua kuliko nilivyocheza. Mikono yangu ilinuka kahawa hata kanisani, na mama yangu aliamini nimepata kazi.

Mama Kavira mwenyewe hakuwahi kuona mechi. Aliona mazoezi tu, tena kwa jicho la pembeni, akigeuza kahawa. Lakini alitujua. Sagesse, aliyekuwa mfupi kuliko wote na mwepesi wa kulia, aliitwa "Kadogo" na kupewa viazi. Rébecca alikemewa kwa kuinama: "Simama murefu, binti, Mungu hakukosea." Mimi aliniita "Mwenye Kigoda". Nilikasirika mwezi mzima, kisha siku moja hakuniita hivyo na nikasikitika.

Mwaka wa pili tulikwenda tena Beni. Mechi ya kwanza tulishinda, tukadhani waandishi wa matokeo wamekosea. Ya pili tukashinda. Watu wakaanza kuulizana wale wa Mususa wanafundishwa na nani, kwa kuwa hawapotezi mpira. Gérard alianza kutembea akiwa na mikono nyuma kama profesa. Ijumaa tulishinda nusu fainali, na Rébecca akampigia simu Mama Kavira, sote tukiwa tumelizunguka sikio lake.

"Mama, tumefika fainali! Kesho saa nane. Unakuya?"

"Mimi? Kahawa iko na mama mwingine? Pigeni mupira yenu, muniache." Akakata.

Jumamosi tulipoingia uwanjani kupasha mwili moto, nilimwona. Alikuwa safu ya nne, nyuma ya baba mmoja mnene, amevaa vitenge vyake vya misa. Baadaye nilijua kwamba aliamka alfajiri, hakuanika hata punje moja, akafunga depo na kupanda lori la mashabiki wetu. Siku yenye jua, sakafu tupu, mlinzi hayupo. Kosa hilo peke yake lilitosha kumfukuzisha.

Nilinyanyua mkono nimsalimu. Hakunijibu. Alikuwa ametazama safu ya kwanza, na uso wake ulikuwa umebadilika. Nikafuata macho yake nikaona koti la kijivu. Papa Éphraïm alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni wa heshima, maji ya chupa mbele yake. Mtoto wa dada yake alisoma katika kile chuo kikubwa cha Beni tulichokuwa tunakutana nacho, na jezi zao mpya alizitoa yeye. Mama Kavira alivuta kitenge cha pili akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi, akajificha nyuma ya yule baba mnene. Baba akiinama kushoto, naye anainama kushoto. Ningecheka kama nisingekuwa naijua ile amri ya sakafu.

Nusu ya kwanza tuliwachezesha. Ishirini na tisa kwa ishirini na nne, sisi mbele. Wasichana wa Beni walikuwa warefu, wana viatu vya kufanana, lakini mpira wetu uliwapita mikononi. Wakati wa mapumziko nilimwona kocha wao ameketi kimya na kalamu, anachora. Alikuwa mtu mjanja. Alikuwa ameona jambo ambalo sisi, kwa mwaka mzima, hatukuliona.

Tulikuwa hatuendi kushoto.

Hakuna hata mmoja wetu. Kila shambulio letu lilipita kuume, kwa sababu miguu yetu ilijifunza kwamba kushoto kuna kahawa ya mtu. Waliporudi uwanjani waliweka wasichana wawili, wakati mwingine watatu, upande wa kuume, na kushoto wakakuacha wazi kama kanisa siku ya Jumatatu. Nasi hatukuingia. Gérard alipiga kelele "Kushoto! Kushoto!" mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kichwa kilisikia, miguu haikusikia. Rébecca alifika mahali ambapo kule nyumbani kahawa ingeanza, njia nyeupe mbele yake mpaka kwenye kikapu, na mguu wake ukarudi nyuma wenyewe. Sagesse alifanya vilevile, kisha akaanza kulia huku anakimbia. Wakatufikia, wakatupita. Zikiwa zimebaki dakika sita walikuwa na arobaini na tatu, sisi thelathini na nne, na mashabiki wao walikuwa wanapiga vuvuzela kana kwamba kombe limeshafika nyumbani.

Mimi sikutazama tena mchezo. Nilimtazama Mama Kavira. Alikuwa ameshika ufunguo shingoni kwa mikono miwili. Hakujua sheria za basketi, hakujua pointi zinavyohesabiwa, lakini miguu yetu aliijua kuliko kocha yeyote, na alikuwa ameelewa. Akamtazama Rébecca. Akalitazama lile koti la kijivu. Sauti yake ilikuwa moja tu duniani, na mtu aliyekaa safu ya kwanza aliisikia kwa miaka kumi na tisa. Akiitoa, kazi imekwenda. Nilijua, naye alijua, na nakiri kwamba katika dakika ile niliomba aitoe. Sijivunii ombi hilo.

Alisimama. Kitenge kikaanguka mabegani.

"Batoto! Nimeshaanua! Kahawa yote iko mu depo! Nimeshaanua!"

Uwanja mzima uligeuka. Kisha ukacheka. Watu walidhani ni mama wa soko aliyechanganyikiwa na jua. Yule baba mnene aliziba masikio. Lakini wasichana watano waliokuwa uwanjani walisimama kama wameguswa na umeme, na Rébecca, aliyekuwa na mpira mikononi, aliangalia chini upande wake wa kushoto. Saruji tupu. Nilimwona akitabasamu. Akaingia kushoto kwa hatua tatu ndefu, peke yake, akauweka mpira ndani kwa mkono laini.

"Nimeshaanua!" Mama Kavira akarudia, sasa akipunga kitenge hewani. "Pita, Kadogo! Pita!"

Kadogo akapita, machozi yakiwa bado mashavuni. Wale wa Beni walihamia kushoto kutuzuia, na kuume, njia yetu ya siku zote, kukafunguka. Kocha wao mjanja alitupa kalamu. Sekunde arobaini za mwisho Sagesse aliumia kifundo, na Gérard akaniangalia mimi kwa masikitiko makubwa akaniambia niingie. Nilipewa mpira mara moja, nikautoa mara moja, na haukuanguka. Hamsini na moja kwa arobaini na nane. Kama kuna kitu cha kuandikwa kwenye kaburi langu, waandike hiyo.

Tulikuwa bado tumerundikana juu ya Rébecca nilipoona koti la kijivu likivuka uwanja. Watu walimpisha. Mama Kavira alikuwa ameshuka kutukumbatia, akabaki amesimama mikono wazi.

"Mama Kavira," Papa Éphraïm alisema. "Nani iko anachunga kahawa yangu?"

"Iko mu depo, Papa. Haikulowa, haikukanyagwa. Ufunguo ni huu." Akavua ile kamba shingoni, akaiweka katika kiganja chake kabla hajaombwa.

Papa Éphraïm aliutazama ufunguo. Akatutazama sisi, jezi zetu zilizopauka, akautazama upande wa kushoto wa uwanja kwa muda mrefu. Akauweka ufunguo mfukoni na kuondoka.

Katika lori la kurudi Butembo wenzangu waliimba. Mimi nilikaa karibu na Mama Kavira nikawachukia kwa kuimba kwao, nikajichukia zaidi mwenyewe kwa ombi langu. Shingo yake ilionekana tupu. Ile kamba ilikuwa imeacha alama.

"Mama, utusamehe," nilimwambia.

"Juu ya nini? Nilikuwa na mudomo yangu mwenyewe." Akanigusa gotini kidogo. "Imba, Mwenye Kigoda. Mimi siko maiti."

Jumatatu asubuhi tulimsindikiza, Rébecca, Sagesse na mimi, akachukue sufuria yake, maana hiyo ilikuwa mali yake. Hatujafika kwenye ukuta tukasikia shoka. Baadaye msumeno. Mama Kavira alisimama katikati ya barabara.

"Anajenga," alisema polepole. "Anamaliza sakafu, anajenga nyumba."

Tuliingia. Sakafu ilikuwa palepale. Mikaratusi ndiyo iliyokuwa inakatwa. Mitano ilikuwa chini, wanaume wanne walikuwa wanaukata wa sita, na upande wa kuume, ambao sikuwahi kuuona bila kivuli, ulikuwa unang'aa kwa jua mpaka tukakunja macho. Papa Éphraïm alikuwa amesimama juu yake na koti lake, ameshika ufunguo.

"Wabukire, Papa," Mama Kavira alisalimu kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Wabukire." Hakutugeukia. "Pale Beni ule kocha aliniuliza mara mbili: papa, bale batoto ba Mususa, juu ya nini haba­endi kushoto? Nikasema sijui. Njo ukasimama, ukapiga kelele na kahawa yako. Batu bote bakacheka. Mimi hapana. Mimi peke yangu mu uwanja muzima nilijua ni sababu ya miti yangu, inaweka kahawa kushoto siku zote."

"Habari ya kivuli nilikuambiaka, Papa. Mara tatu. Ulisema ni miti ya baba yako."

"Nilisema." Mti wa sita ukaanguka, na vumbi likatufikia. "Ulinificha mwaka muzima, Mama Kavira. Hiyo sitasahau."

"Ndiyo, Papa."

"Na ile chuma yenu iko chini ya magunia. Niliiona tangu zamani, nikafikiri ni ya kufungia mizigo." Akamnyoshea ufunguo. "Leo anika kuume. Wiki hii yote, kuume. Bacheze kushoto, bajifunze. Sipendi batu bashinde jezi zangu kwa muguu moja."

Akaenda kusimamia mbao zake, maana hakuwa mtu wa kupoteza mti bure.

Mama Kavira aliivaa ile kamba. Ilichukua muda, na Rébecca ilibidi amsaidie kuifunga nyuma. Kisha akaketi kwenye kigoda changu akalia waziwazi, kwa ile sauti yake kubwa, hata wakata miti wakasimamisha msumeno wakidhani kuna mtu ameumia. Sagesse naye akalia, lakini yeye hahitaji sababu.

Hakulia sana. Alijifuta kwa pembe ya kitenge, akatazama juu, akaona jua lilivyokwisha kupanda.

"Nyinyi bote! Munaangalia nini?" alisema. "Anika!"

Tukafungua depo, tukaanza upande wa kuume.